Muungwana Aliyeuzwa na Mtumishi Asiyelipwa

Sifa zote njema ni za Mwenye Enzi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, Imamu Bukhari amepokea katika Sahihi yake Hadithi ya Mtume s.a.w. ambayo tumependa kuanza nayo nasaha hii. Maana yake ni kuwa Mwenye Enzi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza ni aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemuajiri mtumishi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimlipe ujira wake.

Na tuwazingatie huyu wa pili na huyu wa tatu. Mmoja ameiuza shingo ya mtu, mwengine amekula jasho la mtu. Sisi kwa desturi yetu twaona kuwa wa kwanza katika hao wawili ni mkosa mkubwa, na wa pili ni mtu mzito wa kulipa tu. Lakini Mola wetu amewaweka safu moja, na khasimu wao ni mmoja. Khabari yote ya utumwa na kazi za kushurutishwa ulimwenguni ni khabari ya watu hawa wawili. Leo twataka kuisema, na tutaanza na nyumba yetu kabla ya kuingia nyumba za watu.

Asili ya mwanadamu katika sharia yetu ni uhuru. Mafakihi wamesema kuwa mtoto mchanga akiokotwa njiani, wala hajulikani baba wala mama, basi huhukumiwa kuwa ni huru, kwani huo ndio msingi. Uislamu ulipokuja uliukuta utumwa kila mahali: kwa Warumi, kwa Wafursi, kwa Waarabu wenyewe. Mtu akishindwa na deni alitiwa utumwani. Mtoto aliuzwa na wazazi wake. Msafiri alitekwa njiani akauzwa mji wa pili. Sharia ikaifunga milango hiyo yote, ikaacha mmoja tu, nao ni mateka wa vita vya haki. Na huyo naye, katika Sura ya Muhammad, wametajwa kwa ajili yake kuachwa bure au kukombolewa kwa fidia.

Kisha tazama milango ya kutokea ilivyofunguliwa. Aliyeua kwa kukosea amepasiwa kumwacha mtumwa huru. Aliyevunja kiapo, kadhalika kuacha huru ni moja katika kafara zake. Aliyemfananisha mkewe na mamake, vile vile. Katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, fungu moja ni la kuzikomboa shingo. Katika Sura ya Nur tumeamrishwa kuwaandikia mukataba watumwa wanaotaka kujikomboa, tukiona kheri kwao, na tuwasaidie kwa mali. Mjakazi aliyemzalia bwana wake hakuuzika tena, na bwana akifa yeye alikuwa huru, na mtoto wake alizaliwa huru. Na katika Sura ya Balad, njia nzito ya kupanda mlima ilipoelezwa, jambo la kwanza lililotajwa ni kuifungua shingo. Mwenye akili akiitazama sharia hii ataona inaelekea wapi.

Sasa tuitazame pwani yetu. Jee, watu walioletwa hapa kwa minyororo walitekwa katika jihadi gani? Imamu wa vita hivyo alikuwa nani? Walilinganiwa lini katika dini wakakataa? Hakuna. Walitekwa usiku katika vijiji vya pande za Ziwa Nyasa na ng'ambo yake, wakauzwa kwa bunduki, nguo na ushanga, wakatembezwa kwa miguu mpaka Kilwa Kivinje, na huko wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Wataalamu wa tarikh wanakadiria kuwa katika miaka ya 1860 waliopita njia hiyo walifikia watu 20,000 kwa mwaka, na waliokufa njiani hawamo katika hesabu hiyo. Waliouzwa Mkunazini walitawanywa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wengine walivushwa mpaka Arabuni. Wengine wakaletwa kwetu, Mombasa na Takaungu, na Malindi ambako mashamba ya mtama na ufuta yalianzishwa upya baada ya mwaka 1861. Na wako waliopatikana karibu zaidi. Njaa ilipoingia kwa jirani zetu Wamijikenda, baba aliweka mtoto wake rehani kwa pishi chache za nafaka, akitaraji kumkomboa mvua ikinyesha; na wako waliorudi na mali yao mkononi wakaambiwa mtoto hayupo, amekwisha kuuzwa.

Huyo, ndugu zangu, ndiye muungwana aliyeuzwa na thamani yake ikaliwa. Waliofanya hayo walikuwa wakisali safu ya mbele. Na hao waliouzwa, walipofika pwani walipewa majina mapya, wakafundishwa Fatiha, wakasimama nyuma yetu msikitini, na baada ya salamu wakarudi kondeni kulima bila ujira.

Ziko hoja tatu ambazo watu wetu huzitoa panapotajwa jambo hili, na yatupasa kuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kusema kuwa dini ilihalalisha. Jawabu tumekwisha kuitaja: dini haikumhalalisha mtu aliyeibwa. Na wanavyuoni wetu hawakunyamaza. Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu, ambaye yeye mwenyewe alitekwa na jeshi la Moroko akapelekwa Marrakesh, aliulizwa juu ya watu weusi waliokuwa wakiuzwa huko, akaandika jawabu yake mwaka 1615. Alieleza kuwa rangi ya mtu haiwi sababu ya utumwa, na kuwa Mwislamu huru hamilikiwi, awe wa kabila yoyote. Miaka zaidi ya 200 baadaye, mtawala wa Tunis, Ahmad Bey, aliufunga mnada wa watumwa wa mji wake mwaka 1841, na Januari 1846 akawaacha huru watumwa wote wa nchi yake. Hoja alizozitoa zilikuwa ni za sharia: kuwa wengi katika watumwa wale asili ya kumilikiwa kwao ina shaka, kuwa mabwana hawatimizi masharti ya kuwatendea wema, na kuwa sharia yenyewe inautazamia uhuru. Mufti wa Kihanafi na mufti wa Kimaliki wakamuunga mkono. Ufaransa iliwaacha huru watumwa wa makoloni yake mwaka 1848, Marekani mwaka 1865, Brazili mwaka 1888. Basi mtawala wa Kiislamu aliwatangulia hao wote, na aliwatangulia kwa kutumia vitabu vile vile tulivyokuwa tukivisoma hapa.

Hapa ndipo pahala pa kusikitika. Kwetu sisi mnada wa Unguja ulifungwa mwaka 1873 kwa mapatano ambayo Sayyid Barghash aliyatia mkono huku akitishwa na manowari za Kiingereza. Utumwa ulipoteza nguvu za kisharia Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Katika mwambao wetu wa Kenya sheria ilitoka mwaka 1907. Kila mara mlango ulifunguliwa na mkono usiokuwa wetu. Na ulipofunguliwa, wako kwetu waliosema kuwa uhuru wa serikali si uhuru, kwani bwana hakuridhia. Mpaka mtu mzima, aliyekwisha kupewa cheti chake, alirudi kwa bwana wake wa zamani kuomba aandikiwe itki, ili nikaha yake isitiwe shaka. Twauliza: bwana aliyemnunua mtu aliyeibwa, ridhaa yake ni ya nini? Mwenye kununua mali ya wizi huambiwa airudishe, haombwi ruhusa.

Hoja ya pili ni kusema: "Sisi tuliwatendea vyema." Hatukatai kuwa wako waliotendewa vyema. Wako waliolelewa pamoja na watoto wa nyumba, wakapewa biashara, wakawa manahodha, wakaachwa huru kwa wasia wa mabwana wacha-Mungu. Lakini neno letu "kibarua" latosha kuwa shahidi. Watumwa wa mjini waliajiriwa kwa siku, wakabeba mizigo bandarini, na jioni fungu la ujira wao lilikuwa la bwana aliyekuwa amekaa barazani. Na kama maisha yalikuwa mema hivyo, watoro walikimbia nini? Walikimbia mashamba ya Malindi na Takaungu wakajenga vijiji vyao msituni, kama Fuladoyo, wakipendelea njaa na khofu ya kuvamiwa. Wengine walikimbilia kwa mapadri Rabai; na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa vyeti vya uhuru huko baada ya Kampuni ya Kiingereza kuwalipa mabwana. Fikirini, enyi ndugu: Mwislamu, au aliyekaa kati ya Waislamu, anatafuta rehema katika uwanja wa kanisa kwa kuwa msikitini hakuiona. Kisha twastaajabu kuwa wako walioingia dini nyengine.

Hoja ya tatu ni kusema kuwa Wazungu walifanya makubwa zaidi. Hili ni kweli, na lazima lisemwe kwa hesabu. Kati ya mwaka 1501 na 1866 wanakadiriwa watu milioni 12 na nusu waliopakiwa katika merikebu za Wazungu kuvushwa Bahari ya Atlantiki, na waliofika wakiwa hai ni karibu milioni 10 na laki 7. Waliobaki walitupwa baharini. Na Uingereza ilipopitisha sheria ya kuwaacha huru watumwa wa makoloni yake mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20, zote za kuwalipa mabwana. Mtumwa hakupata hata senti. Walipolipwa mabwana wa huku kwetu baada ya 1907, mwendo ulikuwa ni ule ule.

Tena waliifanya vita dhidi ya utumwa kuwa ni ufunguo wa kuingilia nchi za watu. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alisema anakwenda Kongo kuwaokoa watu na wafanya biashara ya watumwa. Tangu mwaka 1885 mpaka 1908 nchi ile ilikuwa kama shamba lake yeye mwenyewe, na watu wake walishurutishwa kuleta mpira wa msituni; asiyetimiza kipimo mkewe aliwekwa rehani, na askari walirudi na mikono iliyokatwa ili kuthibitisha kuwa risasi hazikupotea bure. Na hapa kwetu, utumwa umefutwa mwaka 1907, na haikupita miaka saba Wagiriama wakatakiwa watoe vijana wao kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Mama mmoja, Mekatilili wa Menza, akasimama akawaambia watu wake wakatae. Alikamatwa akahamishiwa mbali, na mwaka 1914 nyumba za Wagiriama zikatiwa moto, na mbuzi wao wakachukuliwa kuwa ni faini. Vikaja vita vya Wajarumani na Waingereza, na wanaume kwa malaki wakakusanywa kuwa wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, na ujira wa wengi katika hao haukuwafikia warithi wao. Jina la Kariakoo, la Nairobi na la Dar es Salaam, ni ukumbusho wao. Mwaka 1919 Gavana Northey akatoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kuwafanyia kazi walowezi, na kipande kikatundikwa shingoni mwa mwanamume kama kengele ya ng'ombe. Minyororo ilikuwa imeondoshwa. Mtumishi asiyelipwa alibaki pale pale.

Basi hoja hii ya tatu ni ya kweli, lakini haitufai kitu mbele ya Mola wetu. Mwizi hasameheki kwa kuwa jirani yake ameiba zaidi. Makosa ya Wazungu yataandikwa katika daftari lao, na letu litafunguliwa peke yake.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya babu zetu, na katika Kurani tumefunzwa kuwa hakuna nafsi ichukuayo mzigo wa nafsi nyengine. Ni kweli, na dhambi zao hatuzichukui, twawaombea maghufira. Lakini masharti ya toba katika haki za waja ni kuirudisha haki kwa mwenyewe. Basi ikiwa kilichotwaliwa kingalipo mkononi mwetu, jambo hili ni letu sisi, si la babu. Na twaona kuwa mikononi mwetu mngali na vitu vitatu.

Cha kwanza ni kiburi cha nasaba. Utumwa ulifutwa mwaka 1907, na mpaka hii leo huja kijana msomi, mwenye dini na tabia njema na kazi ya halali, kuposa katika nyumba fulani, na jawabu inayotolewa ndani kwa sauti ndogo ni "asili yake haijulikani", au neno baya kuliko hilo. Mtume s.a.w. alimwoza Zaid bin Haritha, aliyekuwa ameuzwa utotoni, bibi ambaye kwa upande wa mamake ni wa Kikureshi, shangazi yake mtu akiwa ni mama wa bibi huyo. Siku ya kufunguliwa Makka, aliyeamrishwa kupanda juu ya Kaaba kuadhini alikuwa ni Sayyidna Bilal, naye alikuwa mtumwa aliyeteswa katika mji ule ule. Na Abu Dharr r.a. alipomtukana mwenziwe kwa mamake, Mtume alimwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake. Jee, sisi tunaosema "mzalia" na "kizazi cha watwana", tutaambiwa nini? Na aibu ikiwa yuko wa kuionea, basi ni ya aliyenunua. Aliyeibwa hana kosa.

Cha pili ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati waliojua njia ya kufika afisini, na watu waliokuwa wakiyalima mashamba hayo, watumwa waliokuwa wamepata uhuru jana na Wamijikenda jirani zao, wengi walibaki bila ya karatasi. Wajukuu wao hii leo huitwa maskwota katika ardhi walimozikwa babu zao. Hatusemi kuwa kila mwenye hati ni dhalimu. Wako walionunua kwa haki. Twasema kuwa mwenye shamba ambalo watu wamekaa vizazi vitatu au vine, kabla ya kuleta matingatinga na askari, akae nao kitako, na wazee na wanavyuoni wawepo, wapatane kwa jambo ambalo hataona haya kulitaja kaburini. Anayeacha sehemu ya haki yake kwa ajili ya Mungu hakukhasirika.

Cha tatu ni mtumishi. Hapa hatuhitaji kwenda Kilwa wala Kongo. Na tuingie jikoni mwetu. Yuko binti aliyeletwa kutoka mashambani, umri wake ni wa skuli. Huamka kabla ya alfajiri, hulala baada ya watu wote, hula kilichobaki, na mshahara wake huambiwa "tumekuwekea". Mtume s.a.w. ametufunza kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa, wala tusiwabebeshe wasichokiweza. Maneno hayo yalisemwa juu ya mtumwa aliyemilikiwa. Basi huyu aliye huru haki yake haizidi?

Na yuko binti mwengine, wa mtaa wetu huu, aliyepelekwa Arabuni na wakala kwa ahadi ya mshahara mwema. Amefika, pasi yake imechukuliwa, simu imechukuliwa, na mshahara wa miezi haujulikani uliko. Wako waliorudi salama na kujenga nyumba, na wako waliorudi katika sanduku. Shirika la Kazi la Ulimwengu lilikadiria kuwa mwaka 2021 walikuwako duniani watu kiasi cha milioni 28 katika kazi za kushurutishwa. Wakala anayejua hali ya nyumba anayompeleka binti wa watu, akanyamaza ili apate fungu lake, ajitazame yuko wapi katika Hadithi ile. Sisi twamwona ameingia kwa mlango wa pili na wa tatu kwa pamoja. Na bwana aliye huko asijikinge kwa kuwa nchi yake ndiko ilikoshuka Kurani; ilishuka huko ikimkataza yeye kwanza.

Nasaha yetu basi ni hii. Mwenye mtumishi amlipe mwisho wa mwezi, mkononi mwake, kabla hajajinunulia nguo yake. Mwenye binti wa kuoza aulize dini na tabia ya mposaji, asichimbue makaburi ya babu zake. Mwenye shamba apatane na walio ndani yake. Mzazi asimwachie bintiye kwenda ughaibuni mpaka mkataba umesomwa na mtu aujuaye, na nakala yake ibaki nyumbani. Na makhatibu wetu waitaje tarikh hii juu ya mimbari kama ilivyokuwa, ili watoto wetu wasiisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa wasiotutakia mema. Watoto wa waliouzwa wamo safu moja na watoto wa waliouza, na katika majumba mengi ya pwani damu hizo mbili zimekwisha kuwa moja.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotutangulia, walioadhibiwa na walioadhibu wakatubia. Utuondolee kiburi nyoyoni mwetu, na utusaidie kuirudisha kila haki iliyomo mikononi mwetu kabla ya siku ambayo haitafaa mali wala watoto. Wala usitujaalie kuwa miongoni mwa wale watatu ambao Wewe ndiwe khasimu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.